Hongera Zimekwisha, Hofu Imebaki

Hongera za cheo kipya zina mkondo wake. Zinaanzia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako shangazi ambaye hajaandika neno tangu msiba wa mwaka juzi anaibuka na kumwaga vikatuni vya kupiga makofi. Zinafuata za waliosoma pamoja, kisha za jumuiya ya kanisani au za majirani wa msikitini, na mwisho za kazini, ambazo huwa fupi na zenye nukta. Mhusika anawajibu wote kwa maneno yale yale: ni neema za Mungu tu, ni dua zenu. Usiku, simu ikishatulia, anabaki na jambo asiloweza kuliandika kwenye kundi lolote. Anaamini wamekosea. Aliyempendekeza hakumjua vizuri, waliofanya naye usaili siku ile hawakuwa wamejiandaa, na Jumatatu atakapokaa kwenye kile kiti haitapita wiki kabla mtu hajauliza swali moja, moja tu, naye ataumbuka mbele ya kikao kizima.

Simzungumzii mvivu. Mvivu hulala usingizi wake. Namzungumzia mhasibu ambaye hesabu zake hazijawahi kutiwa doa na mkaguzi, daktari bingwa aliyerudi masomoni mwaka jana, mwandishi aliyeshinda tuzo, binti wa kwanza kijijini kwao kuitwa mhandisi. Kazi zao zinaonekana. Ukiwauliza wamefikaje hapo, watakwambia ni bahati.

Wadanganyifu wa kweli wapo na tumewahi kuwahesabu. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Wakaondolewa kazini. Siku zile kila ofisi ilikuwa na minong'ono, na kilichonishangaza ni aina ya watu walioshikwa na kiwewe. Nilimsikia mtu mwenye shahada halali, aliyesoma na wenzake walio hai na wanaoweza kumshuhudia, akisimulia jinsi alivyofukua sanduku usiku kutafuta cheti chake cha kidato cha nne, akakipata, akakitazama, na bado usingizi haukuja. Mwenye cheti cha kughushi ana siri moja na anajua ilipo. Huyu wa pili hana siri yoyote, ila anaishi kama anayo, na kwa kuwa haipo, hawezi kuiungama wala kuitubia.

Walioliandika jambo hili kitaalamu kwa mara ya kwanza ni wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, katika makala yao ya mwaka 1978. Walikuwa wameshughulika na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa: wenye shahada za uzamivu, wataalamu wanaoheshimika katika fani zao, wanafunzi wenye alama za juu. Clance mwenyewe alikulia katika milima ya Appalachia, jimbo la Virginia, na alipokuwa kwenye masomo ya juu Chuo Kikuu cha Kentucky, kila mtihani ulimwacha na hakika kwamba safari hii amefeli. Hakuwa amefeli. Rafiki zake wakachoka kumsikiliza. Wawili hao hawakuliita jambo hili ugonjwa, na halimo katika orodha rasmi za maradhi ya akili. Jina la ugonjwa lilibandikwa baadaye, na wauzaji wa vitabu na semina hawakulalamika.

Kwangu mimi, jambo kubwa waliloliona, ambalo Clance alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1985, ni jinsi hofu hii inavyojilisha yenyewe. Mtu anapewa kazi. Anashikwa na wasiwasi. Hapo ana njia mbili: ama anajiandaa kupita kiasi, anakesha, anaisoma ripoti mara kumi, anaandaa majibu ya maswali ambayo hakuna atakayeyauliza; ama anaahirisha mpaka siku ya mwisho na kuifanya mbiombio. Kazi inatoka vizuri. Anapumua siku mbili. Kisha anaanza kujieleza. Aliyekesha anajiambia kwamba mwenye akili kweli asingehitaji kukesha. Aliyeifanya mbiombio anajiambia kwamba ameponea chupuchupu. Njia mbili tofauti kabisa, na zote zinamshusha kituo kile kile. Ndiyo maana mafanikio hayamtibu. Kila ushindi unaongeza urefu wa mahali anapodhani ataangukia, na mwenye tuzo tatu anaogopa kuliko mwenye moja.

Baadaye ilionekana kwamba wanaume nao wamo. Mapitio ya tafiti 62 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta kiwango cha watu wenye hisia hizi kikiwa popote kati ya asilimia 9 na 82, kutegemea kipimo kilichotumika na mahali mstari ulipochorwa. Kipimo kinachosoma 9 hapa na 82 pale hakinipi ujasiri wa kumwita mtu mgonjwa. Mashaka yangu ni juu ya kipimo. Hofu yenyewe naiona kila wiki.

Na huku kwetu ina vyanzo ambavyo Clance na Imes wasingeweza kuviona. Mtoto akileta matokeo mazuri, hongera inakwenda kwa mama aliyeomba, kwa mwalimu aliyefundisha, kwa babu ambaye inasemekana ndiye aliyemrithisha akili. Si vibaya, wote wanastahili. Lakini mtoto huyo athubutu kusema, "Nilisoma sana." Macho yanamgeukia, ameanza majivuno. Ile methali ya mgema na tembo lake amekaririshwa tangu shule ya msingi, kwamba sifa huharibu kazi, kwa hiyo sifa ikimjia anaikwepa kabla haijamgusa. Akifika miaka arobaini amekwepa nyingi mno, na hakuna hata moja aliyobaki nayo.

Hao ni wanaompenda. Wasiompenda wana maelezo yao. Amebebwa. Ana mjomba wizarani. Kama ni mwanamke, maelezo hayo yanashuka hadi mahali ambapo gazeti linalosomwa na familia haliwezi kuyafuata. Akijenga nyumba haraka, ni frimasoni. Ukiyaweka maneno ya pande zote mbili mezani, utaona wanaompenda na wasiompenda wanakubaliana katika jambo moja: yeye mwenyewe hakufanya kitu. Ajabu gani basi naye akisadiki?

Ugumu ni kwamba kubebwa kupo. Hatuwezi kumwambia kijana kwamba mashaka yake ni ndoto tupu wakati anajua, na sisi tunajua, kwamba kuna nafasi ambazo usaili wake ulikuwa maigizo. Upendeleo unamwibia aliyenyimwa kazi, hilo tunalisema kila siku. Tusilolisema ni kwamba unamwibia pia aliyeipata kihalali. Anaipata kazi, lakini hapati uhakika kwamba ni yake, kwa sababu katika jengo lile lile kuna watatu ambao hakika hawakuistahili na mishahara inaingia siku moja.

Kisha kuna ukaimu. Ofisi zetu, za umma na za binafsi, zina watu wanaokaimu nafasi mpaka majirani wanasahau kwamba ni kaimu. Anasaini barua, anaongoza vikao, analaumiwa mambo yakiharibika, lakini mlangoni jina halijabadilishwa. Ni vigumu kubuni mpango bora zaidi wa kumfundisha mtu mzima kwamba yuko mahali pasipo pake. Siku anapothibitishwa, kama inafika, ameshazoea kutembea kwenye ile korido kama mgeni.

Na kuna Kiingereza, ambacho ningeweza kukiandikia makala nzima. Mtoto wa Kitanzania wa shule ya kawaida ya serikali anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, jiografia na hesabu zimehamia lugha nyingine usiku mmoja. Wanaopenya wanapenya kwa kazi kubwa ambayo hakuna mtihani unaoipima: wanajifunza somo na lugha ya somo kwa wakati mmoja. Miaka ishirini baadaye ni wahandisi. Wanaijua mitambo yao hadi sauti yake ikibadilika. Lakini kwenye kikao akiwepo mshauri mmoja kutoka nje, wananyamaza, kwa kuwa wanaona Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Mwenye maneno mengi anachukua mradi. Mwenye kujua kazi anarudi nyumbani akiwa na ushahidi mwingine dhidi yake mwenyewe, ingawa alichozidiwa siku ile ni wepesi wa ulimi tu.

Hata shule zetu nzuri zinachangia. Mtoto aliyeshika namba moja miaka saba mfululizo anachaguliwa kwenda Ilboru, Kibaha, Kilakala au Msalato, na muhula wa kwanza anajikuta wa thelathini na tisa. Hajapungua kitu. Ni hesabu tu: darasa likijaa waliokuwa wa kwanza kwao, lazima mmoja wao awe wa mwisho. Nashangaa kwamba hakuna mwalimu anayesimama siku ya kwanza kuwaambia hivyo, kwa sentensi moja. Wengi wanaondoka hapo wakiamini kwamba ile namba moja ya zamani ilikuwa uongo wa kijijini.

Wangari Maathai tunamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi huvutiwa zaidi na Wangari wa mwaka 1966. Alirudi Kenya Januari mwaka huo akiwa na shahada ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh na barua ya ajira ya chuo kikuu cha Nairobi mkononi. Alipofika, aliambiwa nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Katika kumbukumbu zake hakuficha alichoona kuwa sababu: kabila na jinsia. Akapata nafasi kwingine chuoni hapo hapo, kwa profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, katika anatomia ya mifugo. Wanafunzi, karibu wote wanaume, hawakuamini kwamba mwanamke kijana vile ana la kuwafundisha. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na bado baada ya hapo yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupigania marupurupu sawa na ya wahadhiri wanaume.

Fikiria sasa mtu amempeleka Wangari huyo kwenye semina ya kujiamini. Semina ingekosa cha kutibu. Waliokuwa na mashaka juu ya uwezo wake walikuwa nje, wenye majina na vyeo, na walikuwa wameyaandika mashaka hayo kwenye kanuni za marupurupu. Mwaka 2021 waandishi wawili, Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey, waliandika katika Harvard Business Review kwamba tuache kuwaambia wanawake kuwa wana tatizo hili, na badala yake tutazame sehemu za kazi zinazowafanya wajione wageni. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ila kuna watu ambao ofisi imewatendea haki zote, hakuna anayewadharau, na bado hawalali. Kwa hao, kurekebisha ofisi hakutoshi.

John Steinbeck ni mmoja wao. Mwaka 1938, akiandika riwaya ya wakulima waliofukuzwa na ukame kwenda California, aliweka shajara kando ya kazi, na humo alikiri kwamba yeye si mwandishi, kwamba amekuwa akijidanganya na kuwadanganya wengine. Riwaya ikatoka 1939, mwaka uliofuata ikampa Tuzo ya Pulitzer. Mwaka 1962 alipopewa Nobel, waandishi wa habari walimuuliza kama anaistahili. Akajibu kwamba, kwa kweli, haistahili. Miaka 24 na tuzo kubwa kuliko zote hazikuwa zimeiondoa hofu hata robo. Lakini shajara ile ina kitu kingine: kila siku alijiwekea kiwango cha maneno ya kuandika, na siku aliyojiona mtupu kabisa aliandika vilevile. Riwaya nzima aliimaliza kwa takribani miezi mitano. Alikuwa ameshajua kwamba kusubiri kujiamini ndipo afanye kazi ni kusubiri basi ambalo halipiti njia hiyo.

Ndiyo maana wahamasishaji wanaojaza kumbi zetu wananichosha. Simama mbele ya kioo, jiambie wewe ni simba. Mtu mwenye hofu hii ana akili, ndiyo shida yake, na akijiambia ni simba anaongeza uongo mmoja kwenye orodha ya uongo anaodhani ameshausema. Anachohitaji ni ushahidi ambao hawezi kuukana, na Clance na Imes walikuwa na dawa ya kawaida sana kwa hilo: walimtaka mtu aandike kila sifa ya kweli anayopewa kuhusu kazi yake, na kando yake aandike jinsi alivyoikataa. Ile safu ya pili ndiyo yenye kazi. Bosi alisema ripoti ni nzuri; nikasema alikuwa na haraka. Mgonjwa alishukuru, nikasema wagonjwa hushukuru kila mtu. Ukijaza kurasa kadhaa utaona kwamba una visingizio vitatu au vinne tu, unavizungusha.

Kwa watu wa kwetu ningeongeza safu ya tatu, ya shukrani. Nani alinilipia ada? Nani alinionyesha tangazo la kazi? Mama aliuza nini? Yaandikwe yote, bila kuona haya, kwa sababu wengi wetu tumefika kwa mikono ya watu. Kisha yaandikwe yaliyobaki: mtihani niliufanya mimi, zamu za usiku nilizisimamia mimi, kosa la mwaka juzi nililirekebisha mimi. Aliyelipiwa ada na mjomba hakufanyiwa mtihani na mjomba. Mtu akiweza kutaja pande zote mbili kwa utulivu, lile neno la kubebwa linakosa pa kushika.

Dawa yao nyingine ilikuwa kuwakutanisha. Katika kundi, mtu anamsikia mwanamke anayemheshimu kabisa akisema kwamba amewadanganya maprofesa wote, anaona wazi kuwa ni upuuzi, na baada ya dakika chache anagundua ni maneno yake mwenyewe. Sisi hatukosi makundi. Tuna vikoba, kamati za harusi, vijiwe vya kahawa na vikao vya misiba vinavyokesha. Tunazungumza humo kila kitu isipokuwa hiki, kwa sababu aliyefanikiwa anategemewa, na anayetegemewa haruhusiwi kutetemeka mbele ya wanaomtegemea. Mzaliwa wa kwanza anayesomesha wadogo zake wanne atamwambia nani? Pengine mwenzake mmoja mwenye cheo kama chake, ofisi tofauti, mji tofauti. Mmoja anatosha.

Na wakati mwingine hofu inasema kweli. Tuna desturi ya kuchukua mwalimu bora wa hesabu na kumfanya mwalimu mkuu, muuguzi hodari na kumfanya msimamizi wa wodi, fundi bora na kumkabidhi mafundi arobaini. Asubuhi ya kwanza anakuta ruzuku za kugawa, ugomvi wa wafanyakazi wa kusuluhisha, fomu za tathmini. Hayo hakuyasomea. Anapojiona hajui, ni kweli hajui, na kumwambia ajiamini ni kumdhulumu. Serikali ililiona hilo kwa upande wa shule ilipoanzisha chuo cha ADEM pale Bagamoyo, kinachofundisha uongozi na usimamizi wa elimu. Taasisi nyingine nyingi humkabidhi mtu funguo na gari. Kutojua kitu kipya kunaisha kwa kujifunza, tena haraka, kwa mtu aliyezoea kujifunza. Kinachomchelewesha ni kudhani kwamba akiuliza ndiyo ataumbuka.

Hapo utafiti wa Basima Tewfik wa chuo cha MIT, uliochapishwa mwaka 2022, unanifurahisha. Aliwachunguza wafanyakazi wa kampuni ya ushauri wa uwekezaji na madaktari walio mafunzoni. Waliokuwa na mawazo haya ya kutostahili walionekana bora zaidi katika kuhusiana na watu: walisikiliza, waliuliza, walimjali aliye mbele yao. Na madaktari hao hawakukosea kutambua maradhi kuliko wenzao wenye kujiamini. Sisemi hofu ni zawadi. Nasema kama ningepangiwa daktari, ningeomba yule anayeuliza swali la pili.

Wakuu wa taasisi nao wana la kufanya, na halihitaji bajeti. Barua zetu za kupandishwa cheo zimeandikwa kana kwamba cheo kimedondoka kutoka mbinguni: "Nimefurahi kukutaarifu kwamba umepandishwa kuwa…", kisha ngazi ya mshahara, kisha "nakutakia utendaji mwema." Hazisemi kwa nini. Ongezeni aya moja. Mtajieni mtu mradi alioukamilisha, uamuzi wake uliookoa fedha za ofisi, walichokisema waliofanya naye kazi. Nakala iende kwenye jalada, ili siku mtu akiuliza kwenye korido amebebwa na nani, jibu liwe limeshaandikwa na kupigwa mhuri. Na kama kiongozi ameikodolea macho karatasi akakosa cha kuandika katika aya hiyo, basi mtu anayependekezwa si wa kupandishwa cheo.